Wanakufa Wale Wanono

NAMALWA: Haloo. Naongea na nani?

NYOKABI: Haloo? Haloo, unanisikia?

NAMALWA: Nakusikia nusu nusu. Nani mwenzangu?

NYOKABI: Ni mimi.

NAMALWA: Mimi nani?

NYOKABI: Nyokabi. Mama Jeremy. Wa Kabiria.

(Netiwaki inakwaruza.)

NYOKABI: Haloo? Umekata?

NAMALWA: Sijakata.

NYOKABI: Nilidhani umekata. Habari za siku mingi, Mama Vale?

NAMALWA: Ni mzuri tu. Na wewe?

NYOKABI: Tuko. Tunasukuma. Valarie ako aje?

NAMALWA: Ako shule, nyumbani Bungoma, kwa mama yangu. Hii namba umeitoa wapi?

NYOKABI: Kwa Hezekiah, yule fundi wa viatu. Nimemwomba tangu Pasaka. Kila siku ananiambia hana, hana. Leo asubuhi ndio amenihurumia.

NAMALWA: Akakuhurumia kwa nini leo?

NYOKABI: Alinipata nimekaa chini nje ya banda. Watoto wa Madam wanakufa.

NAMALWA: Madam gani?

NYOKABI: Kwani kuna Madam ngapi? Nguruwe yako.

NAMALWA: Bado uko na yeye?

NYOKABI: Sasa ningempeleka wapi?

NAMALWA: Mimi nilijua watu walishamkula. Ile Januari ya vita ya makabila. Nilijua alienda siku ile ile nilikimbia, na vitu zingine.

NYOKABI: Walikuja. Nikawaambia ni wangu.

NAMALWA: Ukawaambia ni wako.

NYOKABI: Sasa ningewaambia nini? Nilisimama hapo kwa mlango ya banda na ile jembe yangu, nikawaambia huyu ni wa Nyokabi, na mimba ni ya Nyokabi. Wakaenda.

NAMALWA: Kwa hivyo ile mimba ilikaa? Nilidhani na zile mbio ataitupa.

NYOKABI: Ilikaa. Alizaa mwezi wa nne. Tisa. Nilikaa na yeye nikimwongelesha vile ulikuwa unamwongelesha, lakini Kibukusu si sijui. Nikamwongelesha Kikuyu.

NAMALWA: (anacheka kidogo) Madam hajui Kikuyu.

NYOKABI: Sasa hivi anajua.

NAMALWA: Haya. Wanakufa na nini?

NYOKABI: Sijui. Walianza kuendesha, maji matupu. Halafu mmoja nikampata ameanguka, anapiga miguu kama mtu anaogelea. Jana wawili. Na si wale wadogo, Mama Vale. Wale wadogo wanarukaruka tu. Wanakufa wale wanono. Wale nilikuwa naita majirani wakuje waone.

NAMALWA: Wale wanono.

NYOKABI: Eeh. Wale wazuri.

NAMALWA: Uliwatoa kwa mama yao lini?

NYOKABI: Kama wiki mbili hivi.

NAMALWA: Na Daktari Kihara anasema aje?

NYOKABI: Ako huko juu Kikuyu mjini, kuna ng'ombe ya mtu imeshindwa kuzaa. Amesema atakuja jioni na sindano. Saa hii ameniambia kwa simu nitoe chakula yote kwa banda. Yote. Nibakishe maji.

NAMALWA: Na umetoa?

(Kwa mbali, watoto wa nguruwe wanalia.)

NAMALWA: Mama Jeremy. Umetoa?

NYOKABI: Wanalia.

NAMALWA: Hujatoa.

NYOKABI: Mtoto ni mgonjwa, halafu nimnyime chakula? Hiyo ni dawa gani? Nikasema wacha nikupigie wewe kwanza. Si wewe ndio ulikuwa unawajua. Na pia... pia kuna kitu nilikuwa nafikiria.

NAMALWA: Kitu gani?

NYOKABI: Nilifikiria pengine kuna mtu amewatupia kitu. Sumu.

NAMALWA: Mtu gani?

NYOKABI: Mtu tu.

NAMALWA: Mtu gani, Nyokabi?

NYOKABI: Sijui. Watu siku hizi hawasemeshani. Unapita mtu kwa njia, anaangalia chini —

NAMALWA: Mtu wa kwetu. Hivyo ndio unataka kusema.

NYOKABI: Sijasema hivyo.

NAMALWA: Umenipigia kuniuliza kama ni watu wetu wanaua nguruwe.

NYOKABI: Nguruwe yenyewe ni yako! Mtu wa kwenu ataua nguruwe yako kwa nini? Mama Vale. Usikate. Tafadhali usikate.

(Mikwaruzo. Mtu anaita kwa mbali, sahani zinagongana.)

NAMALWA: Sijakata.

NYOKABI: Kichwa yangu imechoka. Nafikiria vitu za ujinga.

NAMALWA: Wacha hiyo. Uko wapi saa hii?

NYOKABI: Kwa nyumba. Hapo kwa mlango.

NAMALWA: Enda kwa banda.

NYOKABI: Naenda. Ngoja, kuna matope. Haya, nimefika.

NAMALWA: Kuna mwenye amelala?

NYOKABI: Kuna mmoja ameegemea ukuta. Akisimama anayumba kama mlevi.

NAMALWA: Muangalie macho. Kope ziko aje?

NYOKABI: Zimevimba. Macho imekuwa madogo. Hata hapa juu ya pua kumevimba.

NAMALWA: Umguse kidogo. Aweke sauti. Halafu uniwekee simu karibu.

NYOKABI: Nimguse wapi?

NAMALWA: Popote. Mshike mguu.

(Sauti nyembamba, kavu, inakatika katikati.)

NYOKABI: Umesikia?

NAMALWA: Nimesikia. Sauti imekauka. Hiyo si sumu ya mtu, Mama Jeremy. Hiyo ni chakula.

NYOKABI: Chakula?

NAMALWA: Kule Limuru nilifanya kazi kwa zile banda kubwa, niliiona hiyo mpaka nikachoka. Unawapa nini?

NYOKABI: Ile nzuri ya dukani. Iko na soya na omena. Nawasagia, inakuwa laini kabisa.

NAMALWA: Na majani?

NYOKABI: Majani wapi, na hao ni watoto? Nilitaka wale vizuri.

NAMALWA: Sikia. Mtoto akitoka kwa titi, tumbo lake bado inajua maziwa peke yake. Haijajifunza kitu kingine. Sasa ukimjazia soya na omena mpaka anatosheka, hawezi kuisaga yote. Ile inabaki inakaa ndani, inaoza. Wale wadudu wa tumbo wanapata karamu. Wanazaana, wanatoa sumu yao, sumu inaingia kwa damu. Ndio unaona kope inavimba na sauti inapotea. Ndio anayumba.

NYOKABI: Na wale wadogo?

NAMALWA: Wale wadogo wanasukumwa kwa sahani. Wanapata kidogo. Ndio maana wako hai. Yule anakula sana ndio anajiua.

NYOKABI: Ngai. Kumbe ni mimi.

NAMALWA: Ni chakula, si wewe. Ulikuwa unawapa mara ngapi kwa siku?

NYOKABI: Wakilia nawapa.

NAMALWA: Kila wakilia?

NYOKABI: Wakisikia tu miguu yangu wanaanza. Sasa nikitoka kuanika nguo, nawapa. Nikitoka kanisa, nawapa. Nikikosa usingizi natoka, wananiita, nawapa. Nani mwingine ananiita hapa, Mama Vale?

NAMALWA: Jeremy hakuji?

NYOKABI: Ako Kitisuru, anaendesha gari ya watu fulani. Analala huko huko. Anapiga simu, lakini ni ile simu ya kuuliza uko sawa, unasema uko sawa.

NAMALWA: Na majirani?

NYOKABI: Kwa nyumba yako waliingia watu. Wamepaka rangi ya bluu. Juzi chumvi imeniishia, nikagonga ukuta vile tulizoea. Nikasahau. Akagonga pia, huyo mtu. Nikanyamaza kama mwizi kwa nyumba yangu.

NAMALWA: Mama Jeremy...

NYOKABI: Ni hiyo tu. Niambie nifanye nini.

NAMALWA: Vile Kihara amesema. Toa chakula yote, hata ile imemwagika, fagia. Leo ni maji. Safi, mengi, ubadilishe kila saa. Watalia. Wacha walie. Ingia kwa nyumba ufunge mlango, uwashe redio.

NYOKABI: Na kesho?

NAMALWA: Kesho asubuhi chemsha pumba ya mahindi, iwe kama uji mwepesi. Unawapa kidogo, ile ya kuramba tu, halafu unaondoa. Mchana, kidogo tena. Na uwakatie majani ya viazi vitamu, ama nyasi ya nepia changa, ukatekate. Tumbo inataka kitu ya kukwaruza ndani, isafishe. Ile chakula ya dukani ikae mpaka wakomae. Na ukiirudisha, unachanganya na pumba, kijiko kwa kijiko.

NYOKABI: Kidogo kidogo.

NAMALWA: Kidogo kidogo. Na sindano ya Kihara usiikatae.

NYOKABI: Siwezi kataa.

NAMALWA: Na... yeye ako hapo?

NYOKABI: Nani? Madam? Ako hapa upande wa pili. Ananiangalia.

NAMALWA: Muwekee simu.

NYOKABI: Simu?

NAMALWA: Muwekee tu.

(Mkoromo mzito, wa karibu. Namalwa anasema maneno machache ya Kibukusu, polepole. Mkoromo unanyamaza. Halafu unaanza tena, kwa nguvu.)

NYOKABI: Umemwambia nini? Amesimama. Anatafuta nyuma ya simu.

(Namalwa anavuta kamasi.)

NYOKABI: Mama Vale?

NAMALWA: Niko. Ni vumbi tu.

NYOKABI: Huko kunasikika makelele. Kumbe Bungoma mjini siku hizi ni hivyo?

NAMALWA: Kuna watu wengi, ndio —

(Sauti ya makanga wa matatu, karibu na simu ya Namalwa: "Pangani, Muthaiga, beba beba! Mama, songa!")

NYOKABI: Bungoma kuna Pangani?

(Mikwaruzo imetulia.)

NYOKABI: Mama Vale. Uko wapi?

NAMALWA: Ngara.

NYOKABI: Ngara hii ya hapa mjini?

NAMALWA: Hii.

NYOKABI: Umekuja kutembea?

NAMALWA: Naosha vyombo kwa hoteli moja hapa karibu na soko. Nalala na binamu yangu Lornah, ako na chumba.

NYOKABI: Tangu lini?

NAMALWA: Mwezi wa tatu.

NYOKABI: Mwezi wa tatu. Na mimi nakuombea Bungoma. Kila Jumapili nasema, Mungu umlinde huko Bungoma.

NAMALWA: Si Mungu anajua mahali niko.

NYOKABI: Ningekuja. Hata kwa miguu ningekuja.

NAMALWA: Najua. Kila jioni namwaga makombo hapa, ndoo nzima, wali, mboga, maganda, inaenda kwa takataka. Kila jioni nafikiria, Madam angekula hii wiki nzima. Nilijua amekufa, lakini bado namfikiria na hiyo ndoo.

NYOKABI: Sasa kwa nini hukuni —

(Mlio mfupi: tii.)

NYOKABI: Kredo inaisha. Kwa nini hukunipigia tu? Hata ku-flash —

NAMALWA: Toa chakula kwa banda, Nyokabi. Saa hii. Usiningojee.

NYOKABI: Sawa, natoa, lakini wewe —

(Simu imekatika.)

(Jumapili mchana. Safari hii anayepiga ni Namalwa.)

NYOKABI: Haloo? Nani?

NAMALWA: Ni mimi. Sasa?

NYOKABI: Mama Vale. Nilikuwa naangalia hii simu tangu nitoke kanisa.

NAMALWA: Wako aje?

NYOKABI: Yule aliegemea ukuta alienda. Kihara alimdunga, lakini alikuwa ameshaenda mbali. Wale wengine watano wako. Wanasimama. Choo yao imekuwa ngumu, imekuwa choo kabisa.

NAMALWA: Asante Mungu. Na kope?

NYOKABI: Zimerudi. Kihara alifurahi, alisema tungengojea siku moja tu hivi, tungezika wote. Mama Vale, walilia hiyo siku. Niliwasha redio, nikafunga mlango, nikakaa kwa kitanda na vidole kwa masikio. Lakini sikuwapa.

NAMALWA: Umefanya vizuri.

NYOKABI: Leo nimewakatia majani ya viazi. Wanakula wakinikasirikia.

NAMALWA: (anacheka) Wakasirike. Watazoea.

NYOKABI: Utakuja uwaone? Si lazima ulale. Unakuja asubuhi, unarudi. Jumapili ijayo. Ama ile ingine.

NAMALWA: Nilikuja.

NYOKABI: Ulikuja wapi?

NAMALWA: Mwezi wa nne. Nilishuka Kawangware, nikapita pale sokoni, nikanunua omena ya kupika. Nikasema, wacha nitembee mpaka Kabiria, nione tu mlango. Nilifika pale kwa kona ya posho mill. Miguu ikakataa.

NYOKABI: Hapo tu? Hapo ni karibu hata ukiita nasikia. Ungeita.

NAMALWA: Kulikuwa na vijana wamekaa. Wananiangalia.

NYOKABI: Ningekuja nikuchukue. Nikushike mkono tupite hapo pamoja, tuone nani atasema nini.

NAMALWA: Nimekaa huo mtaa miaka kumi na moja, Mama Jeremy. Vale alizaliwa hapo. Sasa nisindikizwe kama mgeni?

NYOKABI: Si kusindikizwa. Ni kutembea na mimi tu.

NAMALWA: Mimi najua unaniombea mema.

NYOKABI: Sasa unaniongelesha kama mtu wa mbali.

NAMALWA: Si hivyo.

NYOKABI: Basi ni mimi nitakuja huko. Niambie hiyo hoteli inaitwa nani.

NAMALWA: Huku tajiri hataki wageni. Na chumba ya Lornah, tukilala wawili hakuna mwenye anaweza kugeuka. Nitakualika siku nikipata mahali pangu.

NYOKABI: Eeh.

NAMALWA: Umekula leo?

NYOKABI: Nimekunywa chai.

NAMALWA: Hiyo si kula. Sikia, nilikuwa nimepiga nikuambie kitu. Hao watoto wakikomaa, wakae na wewe. Ni wako. Usinitafutie chochote.

NYOKABI: Na mama yao? Wiki ijayo atakuwa tayari kwa dume. Nimeshaongea na Ogutu, ako na dume mzuri. Nilikuwa nataka unichagulie, kwa sababu wewe ndio —

NAMALWA: Usimpeleke.

NYOKABI: Nimngojee mwezi ingine?

NAMALWA: Muuze.

(Kimya.)

NAMALWA: Umenisikia?

NYOKABI: Haloo?

NAMALWA: Nimesema muuze Madam. Apate mtu ako na banda kubwa. Wewe unachoka, na mimi sirudi huko.

NYOKABI: Haloo? Mama Vale? Netiwaki imekuwa mbaya.

NAMALWA: Netiwaki iko sawa. Nakusikia vizuri kabisa.

NYOKABI: Sikusikii. Kuna upepo huku. Haloo?

NAMALWA: Mama Jeremy.

NYOKABI: Haloo?

NAMALWA: Nyokabi. Nimesema sirudi.

NYOKABI: ...Sikusikii.

(Mahali fulani upande wa Kabiria watoto wa nguruwe wanaanza kulia.)

NAMALWA: Haya. Kredo yangu pia iko karibu kuisha.

NYOKABI: Haloo?

NAMALWA: Kama hunisikii, ni sawa. Lakini upike. Hata kama ni sukuma na ugali kidogo, upike ukae kwa meza ule. Usikae na chai tupu mpaka jioni.

NYOKABI: Nitapika.

(Simu imekatika.)